Barua kwa Nahodha: Aldabra, pete ya mawe na kobe laki moja

Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili tu kwamba nilipokuwa baharia wa meli za watalii nilifika Aldabra, kisiwa cha Shelisheli, mara tatu. Barua zilizokuja ni nyingi kuliko nilizowahi kupata kwa jambo lolote. Nimechagua tano.

Shikamoo Nahodha. Mimi na wenzangu tunatembeza wageni hapa Nungwi. Wageni hutuuliza habari za Aldabra, wanasema wamesikia kuna kobe wengi kuliko popote duniani. Sisi tunajua wale wa kisiwa cha Changuu tu. Je, huko kunafikika? Na zaidi ya kobe, kuna nini cha kumwonyesha mgeni?
*Mtembeza wageni, Nungwi*

Marahaba mwanangu. Kunafikika, lakini kwa bahari tu, tena kwa ruhusa. Aldabra haina bandari, haina uwanja wa ndege, haina hoteli wala nyumba ya wageni. Wanaoishi pale ni wafanyakazi wa kituo cha utafiti kwenye kisiwa cha Picard, watu wachache ambao daladala moja ingewatosha. Kituo kiko chini ya Seychelles Islands Foundation, taasisi iliyoundwa mwaka 1979, na mwaka 1982 UNESCO iliitia Aldabra katika orodha ya Urithi wa Dunia. Meli hutia nanga nje ya mwamba, mgeni hushushwa mchana kwa boti ya mpira, na jioni hurudi kulala melini. Kazi yangu ilikuwa kuendesha hizo boti.

Tazameni ramani. Watu wa Mtwara wako karibu na Aldabra kuliko watu wa Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli. Kutoka Mtwara ni kama kilomita 700 kwa mstari ulionyooka, na kutoka Mahé ni zaidi ya 1,100. Bendera ni ya Shelisheli lakini pepo ni zile zile zetu, kaskazi na kusi. Kusi likishika, bahari ya huko haimpendezi mgeni aliyelipa. Meli huenda zaidi kuanzia Novemba hadi Aprili, na mimi nilipenda zaidi maleleji, pepo zinapobadilishana zamu na bahari ikalala.

Sasa, cha kuonyesha. Aldabra ni pete. Urefu wake ni kama kilomita 34, na ndani ya pete kuna ziwa la bahari ambalo mtu aliyesimama upande mmoja haoni upande wa pili. Pete yenyewe imekatika sehemu chache, na vipande vyake ndivyo visiwa vinne: Grande Terre, ambacho ni kikubwa kuliko vyote vingine vikijumlishwa, kisha Malabar, Picard na Polymnie. Kati ya Picard na Polymnie kuna mlango unaoitwa Grande Passe. Hapo ndipo nilipojifunza kazi upya, mimi niliyezaliwa Malindi nikidhani nayajua maji.

Maji ya Aldabra hupanda na kushuka kama mita tatu wakati wa bamvua, yaani maji makubwa. Fikirini ziwa zima lile, kubwa kuliko nchi kavu inayolizunguka, likijaa na kumwagika kupitia milango michache, mara mbili kwa siku. Grande Passe peke yake hupitisha zaidi ya nusu ya maji yote. Yakianza kuingia, mlango unakuwa mto. Tulikuwa tunawashusha wageni mdomoni mwa mlango na miwani na mirija yao, kisha mkondo wenyewe unawachukua. Hawapigi hata mguu. Chini yao matumbawe yanapita, samaki chewa wakubwa hawaondoki njiani, papa wadogo wenye ncha nyeusi za mapezi wanaingia nao ziwani kutafuta chakula, na taa wanapita kama mashuka yaliyotandikwa majini. Mimi nafuata nyuma na boti, injini chini kabisa, nahesabu vichwa.

Jambo la kujua ni saa. Ziwa halina kina, sehemu kubwa ni mita tatu tu maji yakijaa, na maji yakipwa linabaki tope, mchanga na mawe. Tena maji ya ndani hayafuati saa ya maji ya nje. Mashariki ya ziwa hujaa saa kadhaa baada ya nje kujaa. Safari yangu ya pili nilikaa mno kwenye mikoko upande wa Malabar kwa sababu wageni walikuwa wanapiga picha, nikageuka na kukuta njia niliyojia imekuwa nyeupe. Tulishuka sote, watu wanane, tukaisukuma boti maji yakiwa magotini, karibu nusu saa. Tangu siku ile niliandika saa za maji mkononi kwa kalamu kabla ya kushusha boti.

Kwenye mikoko hiyo ndiko wanakotaga ndege weusi wakubwa wenye mkia wa mkasi, wale ambao sisi tunawaona mara moja moja wakipita juu Pemba. Aldabra wako kwa maelfu, moja ya makoloni makubwa kabisa ya ndege hao duniani. Dume hujaza hewa mfuko mwekundu kooni hadi unakuwa kama puto, anakaa mtini akitetemesha mbawa ili jike aliye angani amwone. Jirani zao, matawi yale yale, ni ndege wa bahari wenye miguu myekundu. Jioni hawa wa miguu myekundu wanarudi na samaki, na wale weusi wanawangoja mlangoni, wanawakimbiza angani na kuwavuta mkia mpaka wateme. Lakini usiku wote wanalala mti mmoja.

Na yupo ndege mmoja ambaye mgeni wako akimkosa atajuta. Ni wa jamii ya kukuziwa, kifua rangi ya kutu, koo jeupe, na haruki. Ni ndege wa mwisho asiyeruka katika visiwa vyote vya upande huu wa Bahari ya Hindi. Wengine, pamoja na dodo wa Mauritius, wameliwa au wamemalizwa na paka na panya. Huyu hana woga. Nilikuwa nimeketi Picard nakunywa maji, akatoka kichakani akaanza kuvuta kamba ya kiatu changu. Huko Picard alikuwa ametoweka kwa sababu ya paka, akarudishwa mwaka 1999 paka walipokwisha. Wataalamu waliochunguza mifupa ya zamani wanasema Aldabra iliwahi kuzama yote, kama miaka 136,000 iliyopita, ndege wa aina hii wakafa wote. Kisiwa kilipoibuka tena, ndugu zao wanaoruka walikuja kutoka Madagaska, wakakaa, na kwa mara ya pili wakaacha kuruka.

Kobe nimewaachia barua ya tatu.

Nahodha, mwalimu wetu wa jiografia alisema Aldabra ni atoli lakini Unguja si atoli. Zote si za matumbawe? Tofauti ni nini?
*Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Morogoro*

Mwalimu wako yuko sahihi, mwanangu. Unguja imekaa kwenye ukingo wa bara. Zamani ilikuwa imeshikana na nchi kavu, ndiyo maana ilikuwa na wanyama wa bara, hata chui. Aldabra haijawahi kushikana na kitu. Chini yake kuna mlima wa volkano unaoanzia sakafu ya bahari, zaidi ya mita 4,000 chini. Mlima wa namna hiyo ukizoea kukaa juu ya maji, matumbawe huota kuuzunguka kama ukindu kwenye ukingo wa mkeka. Mlima ukididimia polepole, matumbawe yanaendelea kujenga kwenda juu kufuata mwanga. Mwisho mlima hauonekani, inabaki pete, na pete hiyo ndiyo atoli. Hayo aliyaeleza Charles Darwin.

Aldabra ina jambo moja zaidi: pete yake iko juu. Atoli nyingi, kwa mfano za Maldivi, ni mchanga ulioinuka mita moja au mbili kutoka majini. Aldabra ni jiwe la matumbawe ya kale lililobaki juu bahari iliposhuka, na hufika kama mita nane. Kwa hiyo kuna vichaka, kuna madimbwi ya maji ya mvua, na kuna mahali pa kobe kuishi.

Assalamu alaykum. Mimi ni bibi wa miaka sabini na tisa, niko Maskati tangu ujana, lakini nimezaliwa Vuga, Unguja. Baba alitupeleka Changuu sikukuu, nikapandishwa juu ya kobe nikalia. Mjukuu wangu ananiambia wale kobe si wa kwetu, wametoka Aldabra. Ni kweli? Na je, waliopo sasa ni wale wale?
*Bibi wa Vuga*

Waalaykum salaam, bibi yangu. Mjukuu amesema kweli. Mwaka 1919 gavana Mwingereza wa Shelisheli alipeleka Unguja zawadi ya kobe wanne wa Aldabra, wakawekwa Changuu, kisiwa ambacho tayari kilikuwa na jengo la jela lisilowahi kufunga mfungwa na ambalo lilitumika kama karantini. Wanne walizaa. Kufikia mwaka 1955 walikuwa 200, kwa hiyo ulipopandishwa ulikuwa umezungukwa na kundi kubwa.

Kilichofuata kinaniuma. Watu waliwaiba, wadogo zaidi, wakauzwa nje kama wanyama wa kufugwa, na wengine wakaliwa. Mwaka 1996 walihesabiwa wakawa saba. Saba, bibi, katika mia mbili. Baadaye wakaletwa wadogo, nao nusu wakapotea, mpaka ukajengwa uzio wa maana. Mimi nilikuwa napeleka wageni Changuu kwa mashua miaka ile, na nilinyamaza kama wengine. Kobe wa aina hii huishi zaidi ya miaka mia. Basi inawezekana kabisa kwamba mmoja kati ya vikongwe waliobaki ndiye aliyekubeba. Siku ya kwanza nilipokanyaga Picard nikawaona wamelala chini ya nyumba ya kituo, chini ya boti iliyopinduliwa, chini ya kila kitu chenye kivuli, nilikumbuka wale saba.

Aldabra wako takriban laki moja. Hakuna mahali pengine ambapo kobe wakubwa wa Bahari ya Hindi wamebaki porini tangu asili yao. Madagaska walikuwepo, Mauritius, Réunion, Rodrigues, wote walikwisha, kwa sababu mabaharia waliwabeba hai kama akiba ya nyama: kobe hukaa tumboni mwa meli miezi bila kula wala kunywa. Mwaka 1874 Darwin na wenzake walimwandikia gavana wa Mauritius kumwomba awalinde wa Aldabra, kwa kuwa wakati ule walikuwa karibu kuisha. Aldabra iliokolewa zaidi na ubaya wake. Mawe yake yanakata viatu, maji ya kunywa ni haba, na chombo hakipati pa kujificha.

Mjukuu akifika, mwambie awatazame asubuhi mapema. Kobe hutoka kula majani mafupi alfajiri, na jua likipanda anatafuta kivuli kwa haraka ambayo hutaitegemea kutoka kwa kobe. Asiyepata kivuli anaiva ndani ya gamba lake. Niliona magamba matupu yamelala wazi mahali pasipo na mti, meupe kama vyungu vilivyosahauliwa. Na mvua ikinyesha, wanapeleka pua kwenye vishimo vya mawe, wanavuta maji kwa pua.

Na usimpande tena, bibi. Nasema kwa heshima.

Nahodha, nakusoma kila toleo lakini toleo lililopita ulinikera. Ulisema Aldabra "Mungu aiache hivyo hivyo." Sisi tuko kwenye biashara ya hoteli. Kisiwa kikubwa namna ile, fukwe tupu, bahari ya kwanza duniani, halafu hakuna kitanda hata kimoja! Vijana wa Shelisheli hawataki kazi? Huo si uhifadhi, ni uchoyo wa kuwaachia kobe.
*Mfanyabiashara, Mombasa*

Ndugu yangu, nimekuelewa, nami nimekula mkate wa utalii maisha yangu yote. Nikujibu kwa mambo niliyoyaona na yanayojulikana.

Aldabra ilikaribia kujengwa, na si hoteli. Mwaka 1965 Waingereza waliimega kutoka Shelisheli, pamoja na Farquhar na Desroches, wakaviunganisha na visiwa vya Chagos walivyovimega kutoka Mauritius. Mpango ulikuwa uwanja wa ndege za kijeshi Aldabra. Wanasayansi wa Royal Society ya London na wa Smithsonian ya Marekani walipiga kelele, mbunge wa Uingereza Tam Dalyell akawachosha mawaziri kwa maswali, na Novemba 1967, paundi iliposhushwa thamani, mpango ukafutwa. Aldabra ikarudi Shelisheli siku ya uhuru, mwaka 1976. Kambi ikajengwa Diego Garcia, huko Chagos, na watu wa kule wakang'olewa makwao. Kobe walipata watetezi ambao watu wa Chagos hawakuwapata. Hilo nalisema kila ninapoisimulia Aldabra, maana ni sehemu ya bei yake.

Kisha tazama jirani. Kilomita kama 27 tu kutoka pale kuna kisiwa cha Assumption. Ni mwamba ule ule, bahari ile ile. Karne iliyopita walichimba kinyesi cha ndege kwa ajili ya mbolea, wakakwangua juu yote. Makundi makubwa ya ndege yaliyotaga pale yaliondoka, na baadhi ya aina hazijarudi. Kuna uwanja mdogo wa ndege, na miaka hii ya karibuni ujenzi wa hoteli ya kifahari umezua ubishi mkubwa Shelisheli. Basi hoteli iko njiani, ndugu yangu, hatua mbili tu kutoka Aldabra, na wanaoilinda Aldabra wana hofu ya panya, mbegu na wadudu watakaovuka na mizigo. Panya mmoja mwenye mimba anatosha kumaliza kazi ya miaka. Mbuzi walioletwa Aldabra zamani kwa ajili ya nyama walishindana na kobe kwa majani na vivuli, na kuwamaliza kulichukua muda mrefu. Wa mwisho waliondolewa mwaka 2012.

Fedha za utalii zipo, ila zinapita njia nyingine, na hapa nakuomba unisome taratibu. Taasisi ile ile inayolinda Aldabra ndiyo inayolinda Vallée de Mai, bonde dogo la hekta ishirini hivi kwenye kisiwa cha Praslin, penye ile minazi ya ajabu yenye mbegu kubwa kuliko zote duniani. Praslin kunafikika kwa feri, hoteli ziko, vijana wana kazi. Mgeni analipa kiingilio Vallée de Mai, na kiingilio hicho ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya gharama za Aldabra: mafuta, chakula, mishahara, boti. Mtu anatembea saa moja kivulini Praslin, na kobe kilomita zaidi ya elfu moja mbali anapata mlinzi. Uviko ulipofunga viwanja vya ndege mwaka 2020, mapato yale yalianguka na Aldabra ikahisi. Kabla ya hapo walikuwepo maharamia, wakati meli za wageni zilipoogopa kuja kabisa. Ndiyo udhaifu wa mpango huo, siufichi. Lakini ni mpango, na kwetu tunao mfano mdogo, kisiwa cha Chumbe: vibanda saba tu, wageni wachache wanaolipa vizuri, na watoto wa skuli wa Unguja wanapelekwa kuona matumbawe kwa fedha hizo.

Unasema fukwe tupu. Si tupu. Kusini mwa Grande Terre, upande unaopigwa na kusi, nilitembea na mlinzi mmoja wa kituo karibu saa nzima bila kukanyaga mchanga mtupu. Nyavu, kamba, maboya, chupa, na ndala. Ndala za kila rangi, za watoto na za wakubwa, nyingine zimeandikwa majina kwa kalamu kama tunavyofanya msikitini zisichukuliwe. Mahali ambapo hapaishi mtu. Mwaka 2019 watu wa kituo na vijana wa kujitolea kutoka Oxford waliokota kwa wiki tano wakatoa tani 25, na makadirio yao ni kwamba zilibaki zaidi ya tani 500, nyingi zikiwa zana za uvuvi. Kasa anayepanda usiku kutaga inabidi apasue njia humo. Kasa hao tangu marufuku ya kuwavua ya mwaka 1968 wameongezeka sana. Pale ufukweni mwa kituo asubuhi unakuta michirizi yao imepandana kama tairi za trekta, na wanafika kugonga takataka zetu.

Kama una mtaji na unataka kuitumikia Aldabra kwa biashara, ndugu yangu, jenga kiwanda cha kununua nyavu kuukuu pwani yetu. Mimi nitakuwa mteja wako wa kwanza, stoo yangu imejaa.

Nahodha, mume wangu na mimi tumeweka akiba miaka mingi na tunataka kwenda Aldabra mara moja kabla ya kuzeeka. Tuanzie wapi, na tuvae nini?
*Mwalimu mstaafu, Arusha*

Hongereni sana, mwalimu. Sitawadanganya juu ya gharama: meli za safari hizi hutoza maelfu ya dola kwa mtu mmoja, na nafasi hujaa mapema. Tafuteni meli ndogo, ya watu mia moja au pungufu, inayoonyesha wazi kwamba ina kibali cha kushuka Aldabra. Zipo zinazoandika Aldabra kwenye tangazo kisha hali ya hewa ikageuka wakapita mbali, kwa hiyo ulizeni wamepanga siku ngapi pale. Siku moja haitoshi, siku tatu ni heri. Safari nyingi huanzia Mahé, na ndege za kwenda huko ziko kutoka Nairobi. Mtanzania haombi viza Shelisheli, anajaza kibali cha mtandaoni kabla ya kuondoka.

Viatu ndiyo jambo la kwanza. Jiwe la kule, wao huliita champignon, ni kama mkate uliotafunwa na chumvi, kila ncha ni wembe. Raba za kawaida zitakatika siku ya kwanza. Chukueni buti zenye soli ngumu zilizofunika vifundo, na jozi nyingine ya viatu vya majini, maana boti ya mpira haifiki mchanga mkavu na mtashuka maji yakiwa mapajani. Mikono mirefu, kofia yenye kamba, na maji zaidi ya mnavyodhani. Kivuli kipo kidogo na kobe wamekwisha kukikalia.

Usiku wa kabla ya kushuka mtaambiwa mlete mabegi na viatu sitahani vikaguliwe. Msikasirike. Geuzeni mifuko ya suruali nje, toeni kila mbegu iliyonasa kwenye soksi, pigeni brashi soli mpaka zing'ae. Safari yangu ya mwisho niliondoa kwenye buti la mgeni mmoja mbegu tatu za kukokota, zile zinazong'ang'ania nguo mashambani, alizozitoa Bububu. Niliziweka ndani ya kiberiti nikarudi nazo Unguja.